Kupachika Vigumba Vipana kwenye Mishale ya Upinde wa Jadi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na karibu kila mtu anayeanza kujitengenezea mishale ya upinde wa jadi, yaani upinde usio na kapi wala kifaa chochote cha kumpunguzia mvutaji uzito. Katika majibu yangu, wano ni uti wa mshale, upote ni kamba ya upinde, na pengo la upote ni ule mkato wa nyuma ya mshale unaoshika kamba. Kigumba kipana ni kile chenye mabapa ya kukata, na kigumba cha mazoezi ni kile cha mviringo chenye ncha peke yake. Ile sehemu ya kigumba iliyo wazi ndani, inayomeza ncha ya wano, nitaiita mrija.

Kwa nini kigumba kipana kinadai uangalifu mkubwa kuliko kigumba cha mazoezi?

Kwa sababu mabapa yake yanafanya kazi ya mabawa. Mshale huruka ukiwa umenyooka kwa kuwa manyoya ya nyuma yanakinzana na hewa na kuuvuta mkia ufuate kichwa. Ukiweka mabapa mbele, nayo yanakamata hewa, na kama hayakukaa sawasawa na mhimili wa wano, yataanza kuuongoza mshale kabla manyoya hayajapata nafasi ya kuurekebisha. Kigumba cha mazoezi kilichopinda kidogo hakileti madhara makubwa, maana hakina bapa la kushika upepo; kigumba kipana kilichopinda kiasi hichohicho kinaweza kuupeleka mshale kando kabisa ya shabaha. Kwa hiyo kazi yote ya kupachika ina lengo moja: ncha ya kigumba, katikati ya wano na pengo la upote vilale kwenye mstari mmoja. Nguvu ya gundi ni jambo la pili.

Kuna njia ngapi za kupachika kigumba?

Zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni ya mrija, ambapo ncha ya wano la mti huchongwa iwe nyembamba, kigumba kikavishwa juu yake na kugandishwa kwa gundi. Ya pili ni ya hesi, ambapo bushi yenye hesi kwa ndani hugandishwa ndani ya wano la kaboni au alumini, kisha kigumba kikakazwa kama parafujo. Hesi iliyozoeleka ina kipenyo cha takriban milimita 4.2 na mizunguko 32 kwa kila inchi, na kwa kuwa kipimo hicho kimekubalika na watengenezaji wengi, vigumba vya aina mbalimbali hubadilishana kwenye wano moja bila shida.

Zipo pia njia za kale. Wahunzi wengi hufua kigumba chenye msuka, kama ule wa kisu au jembe, ambao huchomekwa ndani ya wano na kisha wano kukazwa kwa kano au uzi ili lisipasuke. Kigumba cha jiwe, kwa upande wake, hutiwa katika mkato uliopasuliwa kwenye ncha ya wano na kufungwa. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu mrija na wano la mti, kwa kuwa huko ndiko makosa mengi hutokea.

Ncha ya wano ichongwe kwa pembe gani?

Vigumba vingi vya mrija vinavyouzwa leo vimetengenezwa kwa mchongoko wa digrii 5, na upande wa nyuma, panapovishwa pengo la plastiki, hutumia digrii 11. Usichanganye ncha hizo mbili, kwani wano lililochongwa digrii 11 mbele litagusa mrija mahali pamoja tu na kuacha uwazi kote kwingine. Kifaa cha kuchongea kinachofanana na kichongeo cha penseli kinatosha kwa mishale michache. Anayetengeneza mingi atafurahia zaidi mashine ya msasa wa duara yenye kishikizo kilichofungwa kwa pembe maalumu, kwa sababu kichongeo hufuata nyuzi za mti na huweza kuhama katikati pale mti unapokuwa mgumu upande mmoja na laini upande wa pili.

Baada ya kuchonga, usikimbilie gundi. Paka mchongoko wote risasi ya penseli, ingiza kigumba kikiwa kikavu, kizungushe mara moja huku ukikisukuma, kisha kitoe. Pale palipong'aa au kufutika ndipo mrija ulipogusa. Ukiona pete moja ya kung'aa karibu na ncha na sehemu iliyobaki haijaguswa, mchongoko ni mnene mno mbele. Ukiona pete karibu na mwisho wa mrija, mbele kuna uwazi na kigumba kitayumba. Punguza kidogo kwa msasa, paka tena, jaribu tena. Mguso ukienea kwenye mchongoko wote, kigumba kitakaa imara hata kabla ya gundi, na ukikigeuza chini hakitaanguka chenyewe.

Mishale yangu ya kwanza niliitengeneza nikiamini kwamba gundi nyingi ingeziba uwazi. Mmoja wao nilipouvuta kutoka kwenye shabaha, wano lilikuja peke yake na kigumba kikabaki ndani, na mchongoko ulikuwa umefunikwa na gundi nene iliyoumuka kama tope lililokauka, ikiwa haijashika mti wala chuma. Gundi ni ya kuunganisha vitu viwili vinavyogusana, na haiwezi kuchukua nafasi ya mti uliokosekana.

Je, kipenyo cha wano kina umuhimu?

Kina umuhimu. Mawano ya mti hupatikana zaidi katika vipenyo vitatu: inchi 5/16, ambayo ni karibu milimita 7.9, inchi 11/32, karibu milimita 8.7, na inchi 23/64, karibu milimita 9.1. Mrija uwe na kipenyo cha nje kinacholingana na wano ili pasiwe na ngazi pale vinapokutana. Wano likiwa nene kuliko mrija, bega lake linakwama kwenye kile mshale unachokipenya. Likiwa jembamba kuliko mrija, ukingo wa chuma unabaki ukining'inia na kuudhoofisha mti.

Nitumie gundi gani?

Kwa wano la mti, mimi hupendelea gundi ya moto inayouzwa kwa vijiti, ile iliyokusudiwa kazi ya mishale, kwa sababu inashika vizuri na inaruhusu kigumba kuzungushwa na kurekebishwa tena na tena hadi kinyooke. Gundi ya epoksi ya sehemu mbili ni imara zaidi na haijali joto la jua, lakini ikishakauka umefunga mlango: kilichopinda kitabaki kimepinda. Ukiichagua, hakikisha unyofu mapema, changanya sehemu zote mbili kwa usawa, na uiache saa 24 kabla ya kuupiga mshale hata kama imeonekana kukauka. Gundi ya ngozi ni nzuri kwa anayefuata njia za kale, ila unyevu huilainisha.

Gundi yoyote itashindwa kwenye uso wenye mafuta. Ndani ya mrija mara nyingi hubaki mafuta ya kiwandani ambayo jicho haliyaoni, hivyo sugua kwa msasa mdogo uliokunjwa, kisha pangusa kwa spiriti na uache pakauke. Kwenye wano, vanishi iishie pale mchongoko unapoanza, ili gundi iushike mti wenyewe.

Naomba maelezo ya kazi yenyewe kwa gundi ya moto.

Kwanza funika makali ya kigumba kwa tepu nene au ala, vaa glavu ya ngozi, kisha kishike kigumba kwa koleo kwenye ncha ya bapa. Pasha mrija joto juu ya mwali mdogo huku ukiuzungusha, mpaka kijiti cha gundi kikiguswa nao kianze kuyeyuka. Hapo ndipo joto linapotosha. Chuma cha kigumba kilikwisha kutiwa ugumu kiwandani au kwa mhunzi, na joto likizidi ugumu huo unapotea: chuma kinachoanza kuwa cha manjano hafifu kimekaribia digrii 220 za selsiasi, na kikifika rangi ya buluu kimekaribia 300, na makali yake huenda yasikae tena kwa muda mrefu. Elekeza moto kwenye mrija na kamwe usiuelekeze kwenye makali.

Pasha kijiti cha gundi na kuupaka mchongoko wa wano tabaka jembamba, halafu upashe mchongoko wenyewe kidogo ili gundi isigande mapema. Vika kigumba kwa kukizungusha, kisha geuza mshale na kusukuma ncha yake dhidi ya kipande cha ubao mlaini ili mrija uingie hadi mwisho. Usisukume kwa kiganja. Gundi iliyotoka pembeni iache ipoe na uikate kwa kisu. Ukiifuta ingali moto itakuunguza vidole na kuenea kwenye wano.

Nitajuaje kwamba kigumba kimenyooka?

Simamisha mshale ncha ikiwa chini juu ya ubao mgumu, ushike kwa vidole katikati ya wano, kisha uusokote uzunguke kama pia. Tazama pale mrija unapokutana na mti. Mshale ulionyooka huzunguka kana kwamba umesimama tuli, na mabapa huonekana kama ukungu mmoja wenye kingo zilizotulia. Uliopinda huchora duara dogo kwenye maungio, na hata kabla jicho halijaona, vidole vinahisi mtetemeko, kama gurudumu la baiskeli lililopinda kidogo likipita chini ya mkono.

Ukiona duara hilo, chunguza kwanza wano lenyewe, kwa maana watu wengi hukilaumu kigumba ilhali mti ndio uliopinda. Bingirisha mshale juu ya meza ukiacha kigumba nje ya ukingo. Wano likiwa zuri, pasha mrija joto tena, geuza kigumba robo mzunguko, na ujaribu upya. Kosa dogo la mchongoko na kosa dogo la mrija huweza kuongezeana au kufutana kulingana na jinsi yalivyokutana, na mara nyingi kati ya nafasi nne utaipata moja ambayo mshale unatulia. Isipopatikana, kata ncha na uchonge upya. Utapoteza sentimita mbili au tatu za mti, na kama urefu hauruhusu, wano hilo lipewe kigumba cha mazoezi.

Mabapa yasimame wima au yalale mlalo?

Kwa urukaji hakuna tofauti, kwa kuwa manyoya huuzungusha mshale mara tu unapoacha upinde. Kinachofaa ni mishale yako yote iwe namna moja, ili jicho lako lione picha ileile kila unapovuta. Wengi hulisimamisha bapa wima kwa sababu linazuia shabaha kidogo.

Nichague kigumba cha uzito gani?

Uzito wa vigumba hupimwa kwa greni, na greni moja ni karibu gramu 0.065. Kigumba cha greni 125 ni kama gramu 8.1, na cha greni 200 ni kama gramu 13. Kigumba kizito huleta mizania nzuri mbele ya mshale, lakini pia hulifanya wano lipinde zaidi linaposukumwa na upote, yaani linakuwa kama limelegea. Ukiongeza uzito wa mbele bila kubadilisha wano, mshale uliokuwa ukiruka vizuri utaanza kuyumba.

Ukakamavu wa mawano ya mti hupimwa kwa kuliweka wano juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, kuning'iniza uzito wa ratili 2 katikati, kisha kugawanya 26 kwa inchi ambazo wano limebonyea. Likibonyea inchi 0.52, ukakamavu wake ni 50. Kanuni ya mkono inayotumiwa na wengi ni kuongeza kama 5 kwenye ukakamavu kwa kila greni 25 zinazozidi 125. Ni mahali pa kuanzia tu. Jibu la mwisho utalipata kwa kupiga.

Kujua mizania, tafuta mahali mshale unaposimama sawa juu ya kidole, pima kutoka pengo la upote hadi hapo, toa nusu ya urefu wa mshale, gawanya kwa urefu wote. Mshale wa milimita 740 unaosimama kwenye milimita 460 umezidi katikati kwa milimita 90, sawa na asilimia 12 hivi. Kati ya 10 na 15 mishale mingi ya jadi huruka vizuri.

Mawano ya kaboni na alumini yanashughulikiwaje?

Kata mwisho wa wano kwa msumeno wa duara wenye kasi, ukivaa barakoa kwa sababu vumbi la kaboni lina madhara kwa mapafu, na uhakikishe mkato una pembe mraba. Bushi ikikaa juu ya mkato uliopinda, kigumba nacho kitapinda, na hakuna gundi itakayokunyooshea. Usichome wano la kaboni kwa mwali, maana joto hudhoofisha utomvu unaoshikilia nyuzi zake. Tumia epoksi, au gundi ya moto ya joto la chini huku ukiipasha bushi peke yake kupitia kigumba cha mazoezi kilichokazwa ndani yake. Alumini huvumilia zaidi. Anayependa vigumba vya mrija anaweza kuvigandisha kwenye kiunganishi chenye mchongoko wa digrii 5 upande mmoja na hesi upande wa pili. Nta kidogo kwenye hesi husaidia kigumba kisilegee njiani.

Ninoe kabla au baada ya kupachika?

Fanya kazi ya tupa kabla, kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, na makali ya mwisho uyaweke kwa kinoo baada ya kigumba kunyooka. Ukikimalizia mapema utakuwa unashika wembe katika kazi inayohitaji kusukuma na kusokota.

Kuna jambo jingine kuhusu kigumba kilichonolewa upande mmoja tu, kama patasi. Mshazari wake, yaani ule mteremko ulionolewa, hukilazimisha kigumba kizunguke kinapopenya, na mzunguko huo lazima ufuatane na ule wa manyoya. Kilaze kigumba ncha ikielekea mbele, mbali nawe: mshazari ukionekana juu kwenye ukingo wa kulia, kinazunguka kulia, na kinataka manyoya yaliyotoka bawa la kulia la ndege. Wa kushoto huendana na bawa la kushoto. Ukivichanganya, mshale unaruka ukizunguka upande mmoja, na ukigusa kitu unalazimika kuzunguka upande mwingine, na nguvu inapotea hapo.

Na kigumba cha jiwe?

Kata mwanya kwenye ncha ya wano, wenye kina cha kumeza kitako cha jiwe bila kulibana kwa nguvu, na kabla ya kukata funga uzi chini ya mahali mwanya utakapoishia ili ufa usiendelee. Jaza utomvu uliochemshwa pamoja na unga wa mkaa, weka jiwe, linyooshe utomvu ukiwa laini, kisha zungushia kano iliyolowekwa. Kano hujikaza inapokauka. Mwili wa mtu wa kale uliopatikana mwaka 1991 katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulikuwa na podo, yaani mfuko wa kubebea mishale, lenye mishale 14, na miwili tu kati yake ilikuwa imekamilika: vigumba vya gumegume vilivyoshikizwa kwa lami ya maganda ya mti wa mbetula na kufungwa kwa uzi. Imedumu zaidi ya miaka 5,000.

Kwa nini mishale yangu ya mti huvunjika nyuma tu ya kigumba?

Hapo ndipo chuma kisichopinda kinapokutana na mti unaopinda, na nguvu yote hukusanyika kwenye ukingo wa mrija. Chagua mti ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja hadi ncha, lainisha ukingo wa ndani wa mrija kwa tupa ndogo, na usichonge zaidi ya kina cha mrija. Wengine huunga kipande cha mti mgumu zaidi kwenye sentimita 15 hadi 20 za mbele, kazi ngumu lakini yenye faida. Kutoboa mrija na kupitisha msumari sikushauri kwenye wano jembamba, maana tundu lenyewe ndilo mwanzo wa ufa.

Vigumba vipana vinapiga mahali tofauti na vya mazoezi. Nifanye nini?

Hakikisha kwanza uzito ni uleule na kila mshale umefaulu jaribio la kuzunguka. Baada ya hapo, kwa mpigaji wa mkono wa kulia, vigumba vipana vikienda kushoto wano ni kakamavu mno, na vikienda kulia limelegea; kwa wa mkono wa kushoto ni kinyume. Ongeza au punguza uzito wa mbele, au badilisha wano. Manyoya marefu, kama matatu ya inchi 5 yaliyopindwa kidogo, husaidia kuudhibiti mshale, ila hayatibu wano lisilofaa.

Kigumba cha zamani hutolewaje?

Kama ni gundi ya moto, pasha mrija na uvute kwa koleo mara gundi inapolegea. Epoksi hudai joto zaidi, nawe utapima kama kigumba kinastahili hatari hiyo kwa ugumu wa chuma. Mabaki ndani ya mrija yaondoe kabla ya kukitumia tena.

Mshale wenye kigumba kipana uwe na urefu gani?

Ukiwa umevuta hadi mwisho, nyuma ya mabapa ibaki angalau sentimita 2.5 mbele ya mshikio wa upinde na mbele ya kidole chako. Pima ukiwa na kigumba cha mazoezi na mtu mwingine akitazama kutoka ubavuni, kwa sababu siku ya hamaka mkono huweza kuvuta zaidi ya mazoea. Kabla ya kila kipindi cha kupiga, pinda kila mshale polepole huku ukisikiliza. Mlio mdogo wa mpasuko unatosha kuuweka kando. Podo liwe na kifuniko kigumu kinachoficha mabapa, kila moja likiwa limeshikwa peke yake, kwa maana mabapa yanayogongana huwa butu, na podo lililo wazi mgongoni, mtu akianguka, linamwelekezea makali shingoni.